Karafuu ilivyogeuza bia ya boga kuwa dawa ya meno

MPWA wangu anayeishi Worcester, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alinipigia simu Novemba moja kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Mjomba," alisema, "bia yangu imegeuka dawa ya meno."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba, na ndiyo mara ya kwanza kijana huyo kualikwa mezani kwa wakwe zake. Kwa kuwa hakutaka kwenda mikono mitupu, alijipikia lita 19 za bia ya boga, akazitia katika chupa zipatazo 50 na kubeba kreti mbili garini. Baba mkwe alionja funda moja, akaiweka glasi chini taratibu, kisha akauliza kama kuna mtu mezani aliyetoka kung'olewa jino.

Watu waliangua kicheko. Mpwa wangu naye alicheka, kwa maana mkwe hanuniwi, lakini zile kreti mbili alirudi nazo nyumbani karibu zikiwa kamili. Alitaka kujua alikosea wapi, na kama kuna njia ya kujirekebisha kabla ya mwaka mwingine.

Kwa wasioifahamu, bia ya boga ni kinywaji cha msimu wa majani kupukutika. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, maduka ya Marekani hujaa bidhaa zinazodai kuwa na ladha ya boga: kahawa, biskuti, hata mishumaa. Chimbuko la yote hayo ni pai ya boga, kitindamlo kinachookwa kwa boga lililopondwa, mayai, maziwa, sukari na viungo vinne au vitano. Bia nayo haikusazwa.

Kujipikia bia nyumbani si kosa nchini humo. Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuruhusu jambo hilo Oktoba 1978, nayo ikaanza kutumika Februari mwaka uliofuata. Nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi yaweza kutengeneza galoni 200, yaani takriban lita 757 kwa mwaka, mradi isiuze hata chupa moja. Hata hivyo, majimbo yalibaki na uhuru wa kukataa, na ya mwisho kulegeza kamba yalikuwa Mississippi na Alabama mwaka wa 2013.

Hapa kwetu mambo ni tofauti. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile iliyozoeleka kama Sheria ya Mututho, haimruhusu mtu kutengeneza kileo bila leseni. Kwa hivyo, msomaji aliye Kisumu au Voi na ayasome makala haya kwa kutaka kujua, ila sufuria asiibandike. Walio ng'ambo wazingatie sheria za huko waliko.

Nilimwomba mpwa wangu anisomee daftari lake, maana wapishi makini wa bia huandika kila kitu. Nilitarajia kukuta uzembe. Badala yake nilikuta kazi ya mtu mwangalifu.

Alikuwa amenunua kilo 5 za kimea cha shayiri, nyingi kikiwa kimea cheupe cha kawaida na kiasi kidogo kikiwa kile kilichokaangwa hadi sukari yake ikaiva rangi ya asali. Alikuwa amechukua kilo 2.5 za nyama ya boga, akaioka katika oveni kwa joto la digrii 180 kwa muda wa saa moja hadi kingo zikaanza kuwa kahawia. Alikuwa ameloweka kimea na boga pamoja katika maji ya digrii 67 kwa saa nzima, ili vimeng'enya vya kimea vigeuze wanga kuwa sukari. Hata maganda ya mpunga aliyakumbuka. Maganda hayo huchanganywa na kimea ili rojo la boga lisizibe chujio, na anayeyasahau huishia kukesha akichokonoa sufuria kwa mwiko.

Baada ya kuchuja, alichemsha maji hayo matamu kwa saa moja pamoja na maua machache ya hopsi, yanayoipa bia uchungu wake. Aliyapoza, akatia hamira, akayaacha yachachuke katika joto la digrii 19. Haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea kuonyesha wingi wa sukari, ilisoma 1.058 mwanzoni na 1.014 mwishoni. Hiyo ni bia ya kileo cha takriban asilimia 5.8. Vyombo vyote alikuwa amevisafisha kwa dawa ya kuua viini. Hapakuwa na dosari.

Ndipo tukafika ukurasa wa viungo. Mdalasini, kijiko kimoja cha chai. Kungumanga, kijiko kimoja. Tangawizi kavu, kijiko kimoja. Punje za Jamaica zilizosagwa, kijiko kimoja. Karafuu ya unga, kijiko kimoja.

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa la mtu mwenye kutaka haki kwa wote. Viungo havigawiwi kwa usawa.

Kabla ya kueleza vipimo, yafaa tuulize kwa nini bia ya boga itiwe viungo kabisa. Jibu ni kwamba boga lenyewe halina la kusema. Sehemu kubwa yake, zaidi ya asilimia 90, ni maji. Anayekula boga lililochemshwa pamoja na chai ya asubuhi anajua utamu wake ulivyo mpole. Sasa chukua utamu huo mdogo, uchachushe, na hamira iile sukari yote. Kinachobaki ni rangi ya machungwa iliyofifia na ulaini kidogo mdomoni. Kuoka huongeza harufu ya sukari iliyoungua, lakini hata hiyo huhitaji pua ya mtu anayeitafuta.

Walowezi wa kwanza wa Marekani hawakulitumia boga kwa sababu ya ladha. Walilitumia kwa kuwa kimea kilikuwa adimu na maboga yalikuwa tele. Kuna maelezo ya mwaka wa 1771 yanayohusishwa na American Philosophical Society, chama cha wasomi kilichoasisiwa na Benjamin Franklin mjini Philadelphia, yanayoagiza boga lipondwe na kukamuliwa, maji yake yachemshwe, yatiwe hopsi na kuchachushwa kama bia nyingine. Viungo vya pai havimo.

Viungo viliingia karne mbili baadaye. Katika miaka ya 1980, Bill Owens, mwenye kiwanda kidogo cha Buffalo Bill's Brewery mjini Hayward, California, alijaribu kuifufua bia hiyo baada ya kusoma kwamba George Washington alikuwa akilima maboga. Alipoonja bia aliyoipika kwa boga halisi, hakuona boga lolote ndani yake. Alikwenda dukani akanunua mchanganyiko wa viungo vya pai, akavitoa maji kwa birika la kahawa na kuyamimina katika bia. Hapo ulimi ukasadiki kwamba unakunywa boga. Bia za boga za leo zimefuata njia hiyo kwa wingi.

Ukweli huo ndio unaoyafanya makosa ya vipimo kuwa mabaya kiasi hiki. Katika pilau, kiungo kimoja kikizidi, mchele, nyama na vitunguu vitasaidia kubeba lawama. Katika bia ya boga hakuna wa kuisaidia karafuu. Jina la boga limeandikwa kwenye chupa, lakini mzigo wote umo katika vijiko vichache vya unga.

Karafuu ndiyo kali kuliko vyote, na ukali wake una maelezo. Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni yujino, kemikali ambayo hutia ganzi ulimi na ufizi. Madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi, na bibi zetu wa Pwani waliiweka karafuu kwenye jino bovu kabla hatujawa na madaktari hao. Baba mkwe wa Worcester hakuwa akifanya mzaha. Pua yake ilikumbuka kiti cha daktari.

Isitoshe, karafuu huingia katika bia kwa milango zaidi ya mmoja. Punje za Jamaica, zinazotoka katika mti wa nchi hiyo na kupendwa sana na waokaji wa Marekani, hunukia kana kwamba karafuu, mdalasini na kungumanga vimefungwa pamoja. Na kemikali inayotawala ndani yake ni yujino hiyo hiyo. Anayetia kijiko cha karafuu na kijiko cha punje hizo ametia karafuu karibu mara mbili bila kujua. Mlango wa tatu ni hamira. Baadhi ya hamira za Ubelgiji, na zile za bia ya ngano ya Wajerumani, huzalisha zenyewe harufu inayofanana na ya karafuu. Kwa bahati mpwa wangu alitumia hamira ya kawaida ya Kimarekani isiyo na makeke, la sivyo mambo yangekuwa mabaya zaidi.

Niruhusiwe hapa kupotoka kidogo. Massachusetts na karafuu wanajuana tangu zamani. Kutoka bandari ya Salem, kaskazini mwa Boston, mabaharia walikuwa wakija Zanzibar tangu miaka ya 1820. Mwaka wa 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka wa 1837 mfanyabiashara wa Salem, Richard Waters, akafika Unguja kama balozi mdogo. Walichukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Wakatuletea kile kitambaa cha pamba ambacho hadi leo tunakiita merekani. Kwa hiyo karafuu ikipatikana katika chupa ya Worcester si mgeni. Ila mgeni au mwenyeji, haikaribishwi kwa kijiko kizima.

Turudi jikoni. Kwa lita 19, wapishi wengi wenye uzoefu hawazidishi vijiko viwili vya chai vya viungo vyote vikijumlishwa. Mdalasini huchukua karibu nusu ya hicho. Kungumanga na tangawizi kavu hugawana sehemu kubwa ya kinachobaki. Punje za Jamaica zisizidi robo kijiko. Karafuu ya unga iwe thumuni ya kijiko, yaani sehemu moja ya nane, au punje nzima tatu. Mpwa wangu alikuwa ametia mara nane ya hiyo.

Afadhali zaidi ni kutumia mizani ndogo. Kijiko cha mdalasini wa unga huwa na takriban gramu 2.6, ilhali cha tangawizi hakifiki gramu 2, na kijiko kilichojazwa na mtu mwenye haraka ni tofauti na kilichosawazishwa kwa kisu. Vilevile umri wa kiungo ni muhimu. Unga uliokaa kabatini miaka mitatu umekwisha kutoa roho. Ule uliosagwa jana utakurukia. Na mdalasini unaouzwa Marekani kwa kawaida ni wa jamii ya kasia, ambao una moto zaidi kuliko ule wa Sri Lanka. Wa kutoka Vietnam ni mkali hata kuushinda wa Indonesia.

Lakini hata aliye na vipimo hivi mkononi hajaokoka. Tatizo kubwa zaidi ni wakati wa kuonja.

Mpwa wangu alitia viungo vyake katika dakika tano za mwisho za kuchemsha, kama vitabu vingi vinavyoelekeza, kisha akaonja. Yalikuwa matamu ajabu, pai iliyoyeyushwa. Alifurahi. Alichokisahau ni kwamba wakati huo maji ya kimea yana sukari nyingi, na sukari hufunika ukali wa viungo kama inavyofunika uchungu wa dawa ya mtoto. Wiki mbili baadaye hamira ilikuwa imekula sukari hiyo. Pazia likaanguka, karafuu ikabaki imesimama peke yake jukwaani.

Wakati huo huo, kuna jambo jingine linalokwenda kinyume. Mvuke wa kuchemsha huondoka na sehemu ya harufu, na hewa inayotoka wakati wa kuchachuka huondoka na nyingine. Harufu hupungua, ukali huonekana zaidi, na hakuna ajuaye viwili hivyo vitakutana wapi. Ndiyo maana kuonja sufuria siku ya mapishi ni kama kuhesabu kura kabla ya vituo kufungwa.

Kuna njia iliyo salama. Siku ya kupika, tia nusu tu ya viungo katika dakika za mwisho, pasipo karafuu yoyote. Kisha tengeneza kiini cha viungo kando. Chukua vijiti viwili vya mdalasini vilivyovunjwavunjwa, gramu 1 ya kungumanga iliyoparuzwa, gramu 1 ya tangawizi kavu, punje tatu za Jamaica na karafuu nzima tatu. Vitie katika chupa safi yenye mililita 120 za vodka, funga, na uitikise kila siku kwa muda wa siku tano hadi saba. Mafuta ya viungo hukolea katika kileo kikali kuliko katika maji, na vodka hiyo huua vijidudu ambavyo huenda vilikuja na viungo. Mwishoni chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa.

Mdalasini uwe vijiti, si unga. Unga wake ukilowa huvimba na kuwa ute kama wa bamia, nao huziba karatasi.

Bia ikishamaliza kuchachuka, jaza glasi tano, kila moja mililita 100. Ya kwanza usiitie kitu. Zilizobaki zitie kiini kwa sirinji ndogo isiyo na sindano, kama ile ya kuwanyweshea watoto dawa: mililita 0.1, kisha 0.2, 0.3 na 0.4. Anza kuonja kutoka dhaifu kwenda kali, si kinyume chake, kwa sababu karafuu hutia ganzi na ulimi uliokufa ganzi si shahidi wa kutegemewa. Kati ya glasi na glasi kunywa maji na kutafuna kipande cha mkate mkavu. Mwite na mtu mwingine. Mpishi hupenda chake.

Iwapo glasi ya mililita 0.2 ndiyo iliyopendeza, hesabu ni rahisi. Lita 19 ni sawa na glasi 190 kama hiyo. 190 mara 0.2 ni mililita 38. Hata hivyo, usimimine zote. Tia kama mililita 28, changanya polepole bila kuingiza hewa, onja tena kesho yake. Gesi itakayoingia katika chupa huinua harufu puani, hivyo kinachoonekana pungufu leo huenda kikatosha baada ya wiki mbili. Maji yakimwagika hayazoleki, na karafuu ikishaingia haitoki. Sisi wahariri tuna bahati: neno likizidi tunalifuta na mwandishi analalamika, basi. Mpishi wa bia hana kalamu nyekundu.

Ladha ikiridhisha, ongeza gramu 110 hadi 120 za sukari iliyoyeyushwa katika maji yaliyochemka, ili gesi ijitengeneze chupani. Kipimo hiki nacho si cha kukisia. Sukari ikizidi, au bia ikitiwa chupani kabla ya kumaliza kuchachuka, chupa hupasuka na vigae huruka.

Pengine msomaji atauliza juu ya usalama wa kungumanga, ambayo ikiliwa kwa vijiko humlevya na kumwumiza mtu. Ni kweli, lakini kiasi kinachozungumzwa hapa ni gramu moja au mbili katika lita 19. Na wenye kukumbuka msiba wa Novemba 2000, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi kwa kunywa pombe yenye methanoli, waelewe kwamba bia haikenekwi kama chang'aa, wala haiongezwi kemikali za viwandani zilizoua watu wale.

Je, zile kreti mbili zilizokwisha haribika? Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kungoja. Viungo hupoa kadiri wiki zinavyopita, na bia iliyokuwa ikichoma mwezi wa kwanza huweza kunyweka wa tatu au wa nne, iwapo kosa lilikuwa dogo. Ya pili ni kuzimua: kupika bia ile ile bila kiungo chochote na kuzichanganya. Bia iliyozidi mara mbili huhitaji kiasi sawa cha isiyo na viungo. Iliyozidi mara nane huhitaji mara saba, yaani lita 133 za kuokoa lita 19. Nilipompa hesabu hiyo kwa simu, kimya kilikuwa kirefu. Alizimwaga, isipokuwa chupa sita alizozificha chini ya ngazi.

Mwaka uliofuata alipika mwanzoni mwa Septemba, akajipa muda. Kiini alikichuja siku ya sita. Mkewe ndiye aliyekuwa shahidi wa glasi tano, naye alichagua ya mililita 0.2 bila kuambiwa ipi ni ipi. Hesabu ilisema 38. Kijana akatia 28, akalala, akaonja asubuhi, akaongeza 2 na kuacha hapo.

Novemba alibeba kreti moja tu. Baba mkwe, aliniambia, alinusa kwanza kwa muda mrefu kabla ya kunywa, jambo ambalo si la kumlaumu. Kisha akauliza kama boga lilitoka shambani au la mkebe. Kuhusu meno hakusema kitu.

Kiini kilichosalia, karibu mililita 80 baada ya kuchuja na kuonja, kimo katika chupa ndogo yenye kibandiko cha tarehe, kwenye rafu ya jikoni, mbali na kabati la dawa.